Mtihani Umekwisha, Mbona Usingizi Hauji?

Kama uko kidato cha nne huenda unausoma ukurasa huu kwa kificho, umeuweka ndani ya daftari la Bayolojia ili mwalimu wa zamu adhani unapiga msuli. Haya, hatutakusema. Tunaomba dakika kumi tu. Leo tunazungumzia ule wasiwasi unaomshika mtu anapomaliza shule, hasa ukichanganyika na mapenzi. Tutautazama kupitia vitabu vya hadithi, vile vile ambavyo wengi wenu mmevisoma kwa ajili ya mtihani mkavifunga.

Kwanza tuanzie hapa Moshi. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Ukiisha, wanafunzi wa Weruweru, Old Moshi, Mawenzi, Umbwe, Ashira na kwingineko wanafunga masanduku, wanaandikiana maneno ya kuagana kwenye mashati ya shule, wanapanda daladala kurudi nyumbani. Halafu Desemba inaingia. Nani asiyeijua Desemba ya Kilimanjaro? Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanafurika. Magari yanapanda Marangu, Rombo, Kibosho na Machame. Ukoo mzima unakutana kihambani, mbuzi anachinjwa, mbege inamiminwa. Ni raha tupu, isipokuwa kwa mtu mmoja: yule aliyemaliza mtihani juzi juzi. Kila anayeshuka kwenye gari anamwuliza swali lile lile. Baba mkubwa wa Dar: "Enhe, mtihani ulikuwaje?" Shangazi wa Arusha: "Tutegemee divisheni ngapi?" Hata jirani aliyekuja kuazima panga naye anataka kujua.

Matokeo hutoka Januari. Hiyo ni karibu miezi miwili ya kuulizwa jambo ambalo hakuna anayejua jibu lake. Na siku hizi yakitoka yanawekwa kwenye intaneti, shule nzima kwenye ukurasa mmoja. Anayejua namba yako ya mtihani ameshakujua kabla hujajijua.

Ongeza na mapenzi sasa. Mlionana kwenye mdahalo wa shule mbili, mkaandikiana, mkazimikiana. Mtihani ukaisha. Mmoja anapelekwa Dar kwa kaka yake "akabadilishe mazingira", mwingine anabaki mlimani kukata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyesema tumeachana. Hakuna aliyesema tunaendelea. Simu haina salio. Unalala saa ngapi hapo?

VITABU VIMESHAYASEMA HAYA

Chukua Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Wakati mmoja ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu wakubwa waliona inazungumzia mambo ya mapenzi waziwazi mno. Baadaye ikarudi, ikawa kitabu cha kutahiniwa. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Rosa ni msichana wa Ukerewe, kisiwani kule Ziwa Viktoria. Anapata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Baba yake, Zakaria, anaigundua na kumpiga vibaya. Hakuna mazungumzo, hakuna kuulizwa unajisikiaje. Tangu hapo Rosa anajifunza kitu kimoja tu: mvulana ni hatari, na baba ni hatari zaidi. Anaingia sekondari akiwa na hofu ya wavulana, hata wenzake wanamwona mshamba. Halafu anapotoka chini ya macho ya baba, ile hofu inageuka. Anaruka mipaka yote kwa mara moja, kana kwamba anakimbia kitu. Tunajua mwalimu amekuandikisha kwenye daftari kwamba dhamira yake ni "malezi mabaya na athari zake". Sawa, andika hivyo upate maksi. Lakini msome tena kama binadamu. Kila anapoingia kwenye shida mpya, tafuta mtu mzima ambaye Rosa anaweza kumwendea akamwambia ukweli bila kuogopa. Utamkosa. Hadithi inaishia pabaya: Rosa anajitoa uhai. Kezilahabi hakuandika hivyo ili tumwone shujaa. Alituonyesha msichana aliyefungiwa milango yote, mmoja baada ya mwingine, na watu waliodhani wanamlea.

Sasa mweke kando ya kijana mwingine. Wengi mmekutana naye kwenye somo la Kiingereza. Ni Njoroge wa Weep Not, Child, kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha mwaka 1964. Njoroge ni mtoto wa Kikuyu, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya. Ukoo wote umeweka matumaini kwake: yeye ndiye atakayesoma, yeye ndiye atakayewatoa. (Je, unalifahamu hilo zigo? Kuna mtoto mmoja karibu kila kihamba aliyebebeshwa.) Anampenda Mwihaki, binti wa mtu ambaye ni adui wa baba yake. Halafu vita vinamfuata hadi shuleni. Anatolewa, na masomo yanaishia hapo. Baba anakufa, anapata kazi dukani na kufukuzwa. Anamwomba Mwihaki watoroke pamoja waende Uganda, naye Mwihaki anakataa. Shule imekwenda, mpenzi amekwenda, matumaini ya ukoo yamekwenda. Usiku ule Njoroge anakusudia kufa.

Hakufa. Mama yake, Nyokabi, alitoka gizani kumtafuta huku akimwita. Njoroge akaisikia ile sauti, akamfuata, wakarudi nyumbani.

Angalia hapo. Nyokabi hakuwa na jibu la matatizo ya mwanawe. Hakuweza kumrudisha shule. Hakuweza kumpatia Mwihaki. Alichofanya ni kumtafuta na kumwita. Kati ya Rosa na Njoroge tofauti si akili wala bahati ya mapenzi, maana wote wawili waliumizwa. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mtu aliyetoka nje usiku.

Kipo pia Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation ya miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu na wazazi wakiona haya kuutaja. Hapa Moshi akina mama walikuwa wameshaanzisha KIWAKKUKI mwaka 1990 kupambana nao. Katika mchezo huo Joti na Suzi wanajifunza mapenzi mitaani kwa sababu mama yake Suzi anaamini mtoto akielezwa ataharibika. Joti anakufa. Suzi anabaki na mimba na virusi. Ni kilio kile kile: kila mtu anajua kuna kitu, hakuna anayefungua mdomo.

WASIWASI UNAFANYA NINI MWILINI?

Tutoke vitabuni kidogo, twende kwenye Bayolojia uliyoificha. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Ukishtuka, tezi hizo zinamwaga kwenye damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo unadunda haraka, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoa jasho, damu inakimbilia kwenye misuli na tumbo linaachwa lijitegemee. Ndiyo maana kabla ya mtihani wa Hisabati foleni ya chooni inakuwa ndefu kuliko ya chai.

Mwili umeumbwa hivyo kwa faida yako. Babu yako akikutana na chui msituni kule juu ya Marangu, alihitaji miguu ya kukimbia, hakuhitaji kumeng'enya ndizi. Ila chui akishaondoka, mwili unatulia. Taabu ya matokeo ni kwamba huyu chui anakaa mlangoni miezi miwili. Mwili unabaki umesimama tayari tayari, mchana na usiku. Hapo ndipo usingizi unakatika, kichwa kinauma, kifua kinabana, hasira zinakuja kwa kitu kidogo, chakula hakipiti. Wengine wanadhani wana ugonjwa wa moyo. Wengine wanaambiwa wamerogwa.

Wasiwasi unaweza hata kuambukizana darasani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Ziwa Viktoria, wasichana wachache walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Wakaenea. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na ilipofika Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima, hawakuona sumu wala kidudu chochote. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba ni mkazo wa mawazo uliotafuta njia ya kutokea mwilini. Kwa hiyo wasichana wa bweni lako wakianza kuanguka mmoja mmoja karibu na mtihani, na watu wakapiga kelele "mapepo!", kumbuka Kashasha. Hawaigizi. Wanaumwa kweli, ila dawa yake si fimbo.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Moyo unaodunda kwa hofu na moyo unaodunda kwa mapenzi hutumia adrenalini ile ile. Mtu akiwa na wasiwasi wa kuachwa anaweza kudhani ni penzi limezidi. Basi anatafuta kitu cha kumtuliza haraka. "Kama kweli unanipenda, thibitisha kabla sijaondoka." Maneno haya yamesemwa sana Novemba. Kijana au binti anakubali, si kwa sababu yuko tayari, bali kwa sababu anataka ile hofu imwachie. Itamwachia usiku mmoja. Baadaye inarudi na ndugu zake: je, nina mimba? Je, nimeambukizwa? Kama hujawa tayari, kusema "bado" si kukosa mapenzi. Mwihaki alimkatalia Njoroge huku akimpenda. Na kama mmeshaanza, kondomu ni lazima kila mara, na kupima VVU muende wote wawili.

UFANYEJE BASI?

Usiku ukishikwa, kaa kitako. Vuta pumzi taratibu kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Rudia dakika tano. Inaonekana kama mchezo, lakini pumzi ndefu ya kutoka inaupa moyo taarifa kwamba chui kaondoka. Mchana fanya kazi ya mikono au tembea. Huku kwetu kupanda kilima hakuhitaji kiingilio.

Kahawa ni fahari ya mlima wetu, ila wanaochemsha kikombe cha tatu saa tano za usiku ili wakeshe na vitabu wanajidanganya. Kahawa inaongeza mapigo ya moyo na kukata usingizi, na bila usingizi yale uliyosoma hayakai. Mnaujua ule msemo wa bwenini, msuli tembo, matokeo sisimizi. Mirungi na pombe ni vibaya zaidi. Mbege ya sikukuu inalewesha wasiwasi jioni, asubuhi unaamka nao umekomaa. Wala usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa sababu rafiki amekwambia.

Lakini kubwa kuliko yote ni kumwambia mtu. Tunajua, ni rahisi kuandika, kigumu ni kuanza. Basi tazama msichana huyu wa kubuni wa Kibosho. Amemkuta mama yake mdogo jikoni akimenya ndizi za mtori:

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Mama mdogo, nataka kukwambia kitu, ila usimwambie baba kwanza."

"Haya, kaa hapa. Shika na kisu."

"Tangu nimalize mtihani silali. Nikifumba macho naona matokeo. Moyo unaenda mbio mpaka naogopa."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

Umeona? Hakuanza na divisheni, wala hakuanza na mvulana. Alianza na usingizi. Mtu mzima ambaye angekuja juu ukimtajia mpenzi, atakusikiliza ukimwambia silali, sili, kifua kinabana. Mengine yatafuata yenyewe, ndizi zikiendelea kumenywa. Na alichagua mama mdogo, hakuchagua baba. Si lazima uanze na yule unayemwogopa kuliko wote. Anaweza kuwa bibi, mwalimu wa ushauri nasaha, matroni, mchungaji, padri au shehe, kaka wa rafiki yako.

Wapo wenye baba wakali kweli kweli. Wachagga wana jani la isale, ambalo mtu aliyekosea hulipeleka kuomba msamaha, na aliyepelekewa ni vigumu sana kukataa. Ni desturi nzuri. Ila kufeli mtihani si kosa la kubebea isale. Hukumkosea mtu.

Wengine hawawezi kusema kabisa, maneno yanakwama kooni. Hao waandike, au waigize. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango ulioitwa TUSEME. Wasichana wa sekondari walitunga michezo yao wenyewe kuhusu mambo yanayowasumbua shuleni, wakaigiza mbele ya walimu. Jambo ambalo msichana hawezi kumwambia mkuu wa shule ana kwa ana, linasemeka akivaa kilemba cha mtu mwingine. Kama shule yenu ina klabu ya namna hiyo, ingia. Kama haina, daftari moja linatosha kuanzia. Na kama unapenda kuona mtu wa kwetu alivyoandika, Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, alitoa riwaya ya mapenzi iitwayo Parched Earth mwaka 2001. Iko kwa Kiingereza, tafuta kamusi.

Ni lini wasiwasi unakuwa ugonjwa? Duniani kote, kati ya vijana 100 wa miaka 15 hadi 19, kama watano hivi wana wasiwasi uliofikia kiwango hicho, kwa hiyo darasa lenu lenye watu arobaini huenda lina wawili. Dalili ni kwamba haupungui hata sababu ikiondoka, unadumu wiki nyingi, unakuzuia kutoka nje, kula, kusoma, kukaa na watu. Hapo nenda hospitali kama unavyokwenda kwa malaria. KCMC na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi zote ziko mjini Moshi, na zahanati ya kijijini inaweza kukuandikia rufaa. Tiba yenyewe mara nyingi ni mazungumzo na mtaalamu, wakati mwingine pamoja na dawa. Huitwi kichaa kwa hilo, na anayekuita hivyo hajui anachosema.

Kama limekujia wazo la kufa, usilale nalo peke yako. Mwambie mtu usiku huo huo, hata ikibidi kumwamsha. Kama ni rafiki yako ndiye anayesema maneno ya kukata tamaa, anagawa vitu vyake, anaaga aga, mwulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, mtafute mtu mzima. Namba 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, Tanzania nzima, na kupiga ni bure hata kama huna salio.

IKIFIKA JANUARI

Matokeo yakitoka vibaya, jua huko peke yako. Katika mtihani wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri matokeo yalipotangazwa mara ya kwanza, hadi Serikali ikaunda tume kuchunguza. Wengi wao leo ni mafundi, wafanyabiashara, walimu, wazazi. Unaweza kurudia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na huhitaji kurudia masomo uliyofaulu vizuri. VETA Moshi wanafundisha ufundi. Binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi tangu Serikali ilipobadilisha msimamo Novemba 2021, kwa hiyo ukiambiwa "kwako imekwisha", mwombe mzazi akuulizie shuleni au kwa afisa elimu wa wilaya.

Na wewe kaka, dada, baba mkubwa, shangazi, unayepanda mlimani Desemba hii na umelikuta gazeti hili mezani: yule mtoto ameshaulizwa kuhusu divisheni na watu kumi na wanne kabla yako. Mwulize kama analala.